Mzizi Usio na Mtani

Rubani Hilali Mkumba alikiinua kijiko cha sukari, akakisimamisha juu ya kikombe, kisha akatega sikio.

Nyuma ya sikio lake la kushoto kilibandikwa kidude cha rangi ya ngozi, kidogo kama punje ya kunde. Daktari Semeni Lukindo, aliyekaa ng'ambo ya meza, alijua vizuri kilichokuwa kikisemwa humo, maana yeye ndiye aliyeifundisha ile sauti maneno yake. Waliiita Mlezi. Rubani akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akatia vijiko viwili, akakoroga na kutabasamu kwa raha zake.

"Umeona?" akauliza Mwanahawa, dada yake, aliyesafiri naye kutoka pwani hadi milima ya Lungwa akiwa amenuna njia nzima. "Kwenye sukari, Daktari! Mtu mzima, amerusha helikopta miaka yote hiyo, leo anaomba ruhusa ya sukari."

"Mlezi humkumbusha mambo ya afya tu," Semeni alisema.

"Basi mwambie asiinywe hiyo chai."

"Ya nini, Mwanahawa?"

"Mwambie tu. Na sababu usimpe."

Semeni alitaka kukataa, lakini yule mwanamke alikuwa amemkazia macho. Akasema kwa sauti ya mzaha, "Hilali, usinywe chai hiyo." Hilali akatega sikio tena. Mlezi alikuwa amefunzwa kutompinga daktari hata siku moja. Rubani akakirudisha kikombe mezani taratibu, akakunja mikono mapajani, na wala hakuuliza kwa nini. Ilikuwa chai nzuri ya tangawizi, na alikuwa akiitamani tangu alipoingia.

"Mazikoni kwa shangazi yetu," Mwanahawa akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, "alianza kulia, akanyamaza katikati ya kwikwi. Nikamuuliza, vipi? Akaniambia Mlezi amesema inatosha. Daktari, huyu kaka yangu tangu utotoni hajawahi kukubali neno langu bila ugomvi. Ukimwambia jua limetoka, yeye anatoka nje kuhakikisha. Niliwaletea mgonjwa, sikatai, lakini alikuwa Hilali. Huyu mliyenirudishia ni nani?"

Hilali aliwatazama wote wawili kwa upole, kama mgeni anayesikia wenyeji wakizozana kwa lugha asiyoijua.

Semeni alikuwa na majibu mengi mdomoni, ya kitaalamu, yenye kutuliza. Akayameza. Joto la aibu lilimpanda kutoka kifuani hadi masikioni, maana jambo hilo alikuwa ameshaliona mwenyewe kwa wagonjwa wengine, si mara moja, na kila alipoliona alikuwa akiliita utulivu.

* * *

Tuseme haki: dawa ilifanya kazi. Asije mtu akadhani hapa tunasimulia habari za matapeli.

Hilali alipoletwa mara ya kwanza alikuwa hawezi kusikia mvua juu ya bati. Mwaka wa mafuriko makubwa alitumwa na helikopta ya uokoaji kwenye zahanati iliyozingirwa na maji. Alipakia watu mpaka mashine ikaanza kulalamika, akainuka, na chini yake akamwacha mwanamke mmoja juu ya paa, amemwinua mtoto kwa mikono miwili ili apokelewe. Aliporudi, paa halikuwepo. Tangu hapo kila mvua ilimletea mlio wa mapanga ya helikopta, na kila usingizi ulimrudisha juu ya paa lile. Vidonge vya hospitali alivimaliza. Mashehe walimsomea, wachungaji wakamwombea, asipate nafuu. Vikao vichache vya mzizi wa mlangazi vikamlaza kama mtoto aliyenyonya akashiba.

Walungwa walikuwa wakiunywa mlangazi tangu enzi na enzi. Waliunywa matanga yakishaanuliwa, mchana kweupe, kwa ajili ya yule ambaye msiba umemganda. Maabara ya Semeni ilieleza kwa nini unafaa. Kiini cha mzizi huilegeza mifereji ambayo uchungu umeichimba kichwani, na kwa saa kadhaa ubongo wa mtu mzima huwa laini kama udongo wa mfinyanzi. Huzuni ya zamani hupoteza njia yake. Ila udongo ukiwa mbichi hupokea kila alama, ya kidole cha fundi na ya mguu wa kuku vilevile. Neno linalosemwa saa ile huingia likakaukia humo humo.

Wazee wa Lungwa hawakuwa na maabara, wala hawakueleza namna hiyo. Walikuwa na sharti tu: Mlungwa hanywi mlangazi bila Mtambwe ubavuni mwake. Watambwe ni watu wa bondeni. Zamani waliwaibia Walungwa ng'ombe, Walungwa nao wakawachomea maghala, hadi walipochoka wakapatana, na katika ugomvi ule ukazaliwa utani. Mtambwe huingia nyumbani kwa Mlungwa akafunua chungu kilichoko jikoni, akamwita mwenye nyumba mtumwa wake, akajilaza ndani ya kaburi la babu wa watu akidai kuku ndipo atoke, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyewekwa akae kando ya mnywaji. Mnywaji akisema mbingu zimefunguka, mtani humuuliza kama amenawa miguu kabla ya kuingia. Akilia, humwigiza. Akisema ameitwa na mababu, huambiwa mababu zake walibadilishwa kwa jembe bovu, tena lisilo na mpini.

Semeni alikuwa Mlungwa, mzaliwa wa humo humo. Alikwenda kusoma mbali, akarudi na ukanda wa kichwani unaosoma mawimbi ya ubongo, na baraza la Walungwa na Watambwe likamkabidhi mzizi pamoja na sharti lake. Miezi ya mwanzo alilifuata. Na vikao vilikuwa vurugu tupu! Wagonjwa walicheka hadi wakajikojolea. Walibishana na watani wao, wengine wakauvua ukanda wakaenda zao wakitukana, kisha wakarudi wenyewe wakiwa wamechangamka. Michoro ya mawimbi ilipanda na kushuka bila mpango, na hakuna jarida la kisayansi lililotaka kuitazama mara mbili.

Ndipo wakaja wageni wa ufadhili. Profesa mmoja, mtu wa sauti ya chini na viatu visivyolia, alifungua mlango wa chumba cha tiba akamkuta Mwalimu Mwantumu Sefu. Huyu alikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya bondeni, mwanamke ambaye wanafunzi walinyamaza waliposikia tu kikohozi chake. Lakini siku hiyo alikuwa mtani. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, jasho linamtiririka, anamwimbia mgonjwa wimbo kuhusu makalio ya shangazi zake.

"Huyu mama naye ni mgonjwa?" profesa aliuliza.

Semeni angeweza kusema kwamba huyu ni nusu ya dawa. Alimtazama Mwantumu na ile kanga na ule mdomo uliojaa kicheko, akajitazama na yeye kwa macho ya profesa, akawaonea haya watu wake.

"Hapana," akajibu. "Ni mpita njia. Amekosea mlango."

Kisha akamwita mlinzi. Mwantumu alidhani ni utani. Alicheka njia nzima hadi langoni, akimwambia mlinzi amshike sawasawa, asije akatoroka akaolewa na Mlungwa. Komeo lilipofungwa nyuma yake ndipo alipogeuka, akamwona Semeni amesimama kwa mbali, hacheki. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Semeni alikuwa akiisikia methali hiyo tangu utotoni, na hakuwahi kufikiri kwamba inamhusu.

Baada ya hapo akaja Mlezi, sauti ya upole inayosoma mapigo ya moyo na kuijibu hofu kabla mgonjwa hajaijua. Haikucheka, haikukosea, haikuchoka. Vikao vikiisha mgonjwa alikwenda nayo nyumbani nyuma ya sikio ili nafuu isipotee. Michoro ikatulia, majarida yakafunguka, na jina la Daktari Semeni Lukindo likaanza kutajwa mahali ambapo milima ya Lungwa haijulikani.

* * *

Jopo la idhini lilikuwa linakuja kituoni alasiri ya siku iliyofuata. Likiridhika, mlangazi na Mlezi wake vingepelekwa katika kila hospitali ya nchi. Hilali ndiye mgonjwa aliyechaguliwa kuonyeshwa.

Asubuhi yake Semeni alijaribu njia ya mkato. Alimwekea Mlezi maneno ya kusema, akaketi mbele ya Hilali kungoja. Mwanahawa alisimama dirishani, mikono kifuani.

Hilali akatega sikio, uso ukamchangamka. "Mlezi anasema nisimtii tena. Anasema kuanzia leo niamue mwenyewe."

"Nawe unaonaje?"

"Sawa kabisa. Nitaamua mwenyewe." Akafikiri kidogo. "Nianze kuamua nini, Daktari?"

Mwanahawa alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. Semeni akatoka nje, akaegemea ukuta, jua likimpiga usoni.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Angeweza kumwagiza Mlezi amfundishe Hilali kubisha. Mbele ya jopo akatae chai, akunje uso, aseme "hapana" mara mbili tatu. Angetii vizuri mno, na jopo lingemwona mtu huru. Dawa ingepita, na maelfu ya watu wasiolala usingizi wangelala. Je, si afadhali mtu alale, hata kama atakuwa anaomba ruhusa ya sukari? Na hilo la utii lingeshughulikiwa baadaye, polepole, ndani kwa ndani. Wazo lile halikumtisha. Lilikuja limeshapangika, laini, kama kitu alichokwisha kukifanya mara nyingi, na hilo ndilo lililomwaibisha kupita yote. Kumbe amezoea. Alijionea kinyaa.

Akaita gari la kituo, akateremka bondeni kabla hajabadili nia.

* * *

Njia nzima alijiandaa kwa matusi. Aliyatamani, kusema kweli. Alitaka aitwe mtumwa, aambiwe elimu yake ni ya kubeba kwenye tenga, afukuzwe kwa ufagio mbele ya wanafunzi. Angeyapokea yote na angeshukuru.

Mwalimu Mwantumu alikuwa ofisini kwake, miwani puani, suti ya kijivu imenyooka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Daktari. Karibu ukae. Habari za kazi?"

Mtu asiye wa huko hatalielewa pigo lile. Mtambwe hamwitikii Mlungwa namna hiyo. Humwuliza marahaba ya nini, amemletea kuku? Humwambia aitoe hiyo shikamoo nje akaipigie mswaki kwanza. Heshima ni ya watu baki. Mwantumu alikuwa amekwisha kuukata utani, bila kelele, na Semeni alikaa kwenye kile kiti akahisi machozi yanamjaa.

"Nimekuja kukuomba msamaha, Mwalimu. Kwa jambo la siku ile."

"Siku ipi, Daktari?"

"Siku ya wageni."

"Aa, hiyo." Mwantumu alivua miwani akaipangusa. "Kwa mtani hakuna msamaha, kwa kuwa hakuna kosa. Na kwa mtu baki, mimi nilikosea mlango nikaonyeshwa njia. Kuna lingine?"

Semeni akamweleza, macho sakafuni. Alieleza habari ya sukari, na mazikoni, na maneno aliyompa Mlezi asubuhi ile, na hata lile wazo la ukutani, ambalo angeweza kulificha. Alipomaliza, Mwantumu aliirudisha miwani puani.

"Mimi sijui dawa," alisema. "Nyinyi mlikuwa mnanitazama kana kwamba nina siri. Sina. Mama yangu alinifundisha kutukana, basi. Alisema ukikaa na mnywaji, utakalofanya lolote fanya, ila asije akakutia maanani. Nikamuuliza kwa nini. Akanizaba kofi, akasema maswali ni ya Walungwa."

Semeni akainua uso. Aliliona jambo zima kwa mara ya kwanza, na lilikuwa jepesi kiasi kwamba alitaka kuzama chini ya ile sakafu. Akili ya mnywaji imelainika, neno lolote litakaukia ndani. Sasa umweke nani karibu nayo? Walungwa hawakumweka mganga, wala baba mzazi, wala mtu wa dini. Walimtafuta mtu mmoja ambaye duniani kote neno lake haliwezi kuwa amri kwao, wakampa kiti. Naye Semeni akamwondoa kwenye kiti hicho, akaikalisha sauti isiyokosea.

"Njoo umwone, Mwalimu. Tafadhali. Si kwa ajili yangu."

"Si kwa ajili yako," Mwantumu alikubali, akachukua kanga iliyotundikwa nyuma ya mlango.

* * *

Waliketi kwenye majani nyuma ya kituo, karibu na mto, wote wanne. Mvua za milimani zilikuwa zimeujaza, maji ya rangi ya kahawia yanakwenda kwa ngurumo. Semeni alikibandua kile kidude nyuma ya sikio la Hilali kwa mkono wake mwenyewe. Aliamini kwamba sauti ikiondoka, Hilali atabaki na nafsi yake. Rubani alipapasa mahali pale palipokuwa pamebaki patupu, akawa anatazama uso hadi uso.

Mwantumu alianza taratibu, kama mtu anayepima joto la maji kwa kidole.

"Wewe ndiwe rubani? Mbona kwetu kuna kuku anayeruka juu kuliko wewe?"

"Inawezekana, Mama," Hilali alisema.

"Na hayo masikio ndiyo mabawa yenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

Mwanahawa akaguna kwa kicheko bila kutaka, kicheko chake cha kwanza tangu afike. Mwantumu akapata nguvu. Akaifunga kanga kiunoni. Akasema watu wa pwani wamekula samaki mpaka wamepata akili za samaki. Akasema kama Hilali ndiye aliyekuwa akiokoa watu, basi mafuriko nayo yalikuwa na huruma yake. Hilo lilikuwa kali, na Semeni alishtuka, lakini huo ndio utani, huenda moja kwa moja kwenye kidonda. Hilali aliitikia kwa adabu.

"Wee mtu unachosha!" Mwantumu akapiga kelele. "Hebu nenda kajitupe mtoni tupumzike!"

"Haya, Mama." Hilali akasimama, akaanza kuelekea mtoni.

Mwanahawa akapiga makofi. "Huyo! Huyo ndiye kaka yangu!"

"Amejibu!" Mwantumu akapiga kigelegele. "Jamani, mpwani ana utani!"

Kwa Walungwa na Watambwe hakuna jibu tamu kuliko hilo. Ukiambiwa kajinyonge, unaomba kamba. Ukiambiwa kafie mbali, unauliza nauli. Semeni alicheka hadi akashika mbavu. Muda gani umepita tangu acheke hivyo? Alihisi mzigo unamtoka mabegani, alihisi kana kwamba tayari amesamehewa. Ukingoni Hilali akainama, akavua viatu, akavipanga sawasawa.

"Hata viatu anavua! Mchekeshaji huyu!" Mwantumu alilia kwa kicheko. "Ukirudi tuletee kambale!"

Hilali akaingia majini. Maji yakampata magotini, kisha kiunoni. Akageuka kuwatazama, na uso wake haukuwa wa mtu aliyengoja kuchekewa. Ulikuwa uso wa mtu anayetaka kujua kama anafanya ipasavyo.

Kicheko kikawakatika wote mara moja.

"Rudi!" Semeni alikuwa ameshaanza kukimbia. "Hilali, rudi!"

Mto ulikuwa na kelele. Hilali aliweka mkono sikioni, pale pasipokuwa na kitu, akatikisa kichwa kwamba hasikii, akapiga hatua nyingine, na maji yakamwondoa miguuni.

Semeni aliingia na nguo zake. Nyuma yake alihisi mtu anamshika mkono wa kushoto kwa nguvu ya ajabu. Alikuwa Mwantumu, amezama hadi mapajani, mkono wake wa pili umezongwa na kanga ambayo ncha yake Mwanahawa ameishikilia ukingoni, amekita visigino topeni. Semeni akanyoosha mkono, akakosa. Akanyoosha tena, akaipata kola ya shati. Waliburutana hadi nchi kavu kama wavuvi waliolemewa na wavu, wakaanguka topeni wote.

Hilali alitapika maji. Mwanahawa alimkumbatia kichwa, akimpiga mgongoni na kulia na kumtukana kwa pamoja. Mwantumu alikaa chini, mikono kichwani.

"Nimemwambia mimi," alisema. "Kwa mdomo wangu huu. Mama yangu wee, nimemwambia mimi."

Hilali alipopata pumzi alimtafuta Semeni kwa macho. "Nimekosea, Daktari?"

"Hujakosea."

"Nilidhani Mama anataka mpaka katikati."

Semeni alipiga magoti mbele yake. Hakupanga la kusema, likamtoka. "Nisamehe, Hilali. Nisamehe kwa yote niliyokutendea."

"Nimekusamehe, Daktari," Hilali akasema papo hapo, kwa moyo mweupe, huku akimtazama usoni kuona kama imetosha.

Semeni akarudi nyuma kama aliyeungua. Alikuwa ameomba, na yule mtu hakuwa na namna ya kukataa. Kinyongo cha Hilali, ambacho kilikuwa haki yake, na ambacho pengine angekaa nacho miaka kabla ya kuamua, nacho alikuwa amemnyang'anya. Angeweza kumwomba tena na tena hadi jioni, na kila mara angesamehewa.

* * *

Watu wa jopo walikuwa wameshaketi ukumbini alipoingia, tope limemkauka hadi kifuani. Mwenyekiti wao, jaji mstaafu mwenye sauti kavu, alimwangalia juu mpaka chini, akamwonyesha kiti. Semeni hakukaa.

Aliwaeleza akiwa amesimama. Alianza na sharti la Walungwa na Watambwe, akaja kwa profesa na lango, na neno alilosema, akalirudia vilevile lilivyokuwa: ni mpita njia, amekosea mlango. Mwantumu alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake iliyolowa, na Semeni aligeuka akamtaja kwa jina mbele yao. Akawaeleza habari ya Mlezi, kisha ya mto. Akaomba idhini isitolewe, sauti ile izimwe kwa kila aliyeivaa, na kila mmoja wao akabidhiwe kwa ndugu zake na baraza la milimani, kwa kuwa yeye hajui namna ya kuwarudisha na hafai tena kujifanya anajua.

Mjumbe mmoja alikohoa. "Daktari, hebu tusikimbilie kujihukumu. Matokeo yako hatujawahi kuyaona kwingine. Watu wamepona. Ajali moja, katika siku ya uchovu..."

"Ngoja," mwenyekiti alimkatiza, akamgeukia Semeni. "Mgonjwa mwenyewe yuko hai?"

"Yuko hai, mheshimiwa."

"Ana malalamiko yoyote dhidi yako?"

"Hana."

"Hata moja? Mtu umemtoa mtoni nusu ya kufa, hana la kulalamika?" Jaji aliinamisha kichwa. "Anasema nini juu yako, basi?"

"Anasema amenisamehe," Semeni alijibu. "Nilimwambia anisamehe, akanisamehe pale pale, maji ya mto bado yanamtoka puani. Huo ndio ushahidi niliouleta."